Nani Haiti?

Harufu ya kambale anayekaushwa kwa moshi hunirudisha Rufiji kabla sijajua kwamba nimeanza kukumbuka. Hunipandisha moja kwa moja kwenye dungu la bibi yangu, mama yake baba, kile kibanda cha miti na makuti kilichosimama kwa miguu mirefu katikati ya mpunga, bondeni, upande wa Chumbi. Masika mto unapofura na kulijaza bonde, watu wa kule hawakimbii, wanapanda ngazi. Chini yetu yalikuwa maji, juu jikoni kwetu, na kambale wamepangwa kwenye uchaga wanadondosha mafuta kwenye makaa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Ikwiriri yalijaa sabuni za kunukia na marobota ya mitumba, lakini sisi bondeni shida zetu zilikuwa chumvi, mafuta ya taa na ndege waharibifu.

Nilikuwa kule kwa sababu shule ilinikataa. Cheti cha kuzaliwa wakati huo tulikisikia tu. Ukitaka kuandikishwa darasa la kwanza, unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Ukilishika, umri umetimia. Januari ile nilipanga mstari na wenzangu niliocheza nao tangu tukitambaa. Wao walishika masikio yao, mwalimu akawaita majina, wakaingia ndani. Vidole vyangu mimi viliishia kwenye nywele. Mwalimu aliniinamia akasema, "Mwakani, mwanangu," kisha akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu. Baba akaamua kwamba nikikataliwa mara ya pili basi, nitabaki shamba na bibi mpaka nipate mume. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Lakini mimi shule niliitaka mpaka nikawa naiota, na kila nikiota nashika sikio.

Bibi aliichukua vita ile ikawa yake. Mwenyewe alikuwa mfupi hasa, hata wenzake walimtania kwamba maji yao ya magotini kwake ni ya kiunoni. "Mke mwenzangu," aliniita, maana ndivyo mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, "kimo hiki umekitoa kwangu, acha nihangaike nacho mwenyewe." Kila asubuhi alinikalisha mlangoni, akanipaka mafuta ya nazi begani na kuuvuta mkono wangu taratibu, huku akiuombea dua. Mnofu wa kambale ulikuwa wangu, kichwa cha samaki kilikuwa chake. Nguzo moja ya dungu ilitokeza mpaka ndani, na hapo alinipima na kuchora alama kwa mkaa. Kwenye nguzo hiyohiyo, chini ya sakafu, alichora mahali maji yalipofika. Maji yalikuwa na haraka kuliko mimi.

Mafuriko yalipopungua na mpunga ukaanza kukomaa, nikapewa kazi ya kuamia ndege. Nilizunguka shamba zima nikipiga debe na kupayuka mpaka koo likakauka. Jua likitaka kuzama, bibi alisimama mlangoni pa dungu, akauzungushia mdomo viganja na kuniita: "Mke mwenzangu weee!" Hakuna sauti niliyoipenda kama ile. Akiita mara ya kwanza, nilijibanza kidogo kwenye mpunga ili aite tena.

Likizo ya Juni akaja kaka yangu Hamadi, aliyekuwa akisoma sekondari Dar es Salaam. Alikuja na suruali ya mtumba iliyombana na Kiingereza kisichombana hata kidogo. Aliponiona napimwa kwenye nguzo akatangaza kwamba kimo, kwa Kiingereza, ni haiti.

"Nani haiti?" bibi akauliza.

"Si mtu, bibi, ni neno. Kimo ni haiti. Mwinuko wa mlima ni haiti, na kilele chake vilevile. Mafuriko yakifikia mwisho wa kupanda, hiyo ni haiti yake. Hata mtu akipitiliza kwa ujinga, ujinga wake una haiti."

Bibi akaacha kupepeta mchele. "Yote hayo neno moja? Na wenyewe hawachanganyikiwi?" Akanitazama, na uso wake ukabadilika. "Kumbe ndiyo maana. Mtoto hana kimo, mwalimu haiti. Wazungu walishasema zamani."

Hamadi alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi sikucheka. Nililia palepale, kwa sauti, kwa sababu niliona hata Kiingereza kimenikataa. Bibi akanivuta kifuani kwake penye harufu ya moshi, akasema, "Nyamaza. Ataita."

Mwaka ukageuka. Alfajiri ya kwenda kuandikishwa, bibi alinipima mkono kwa mara ya mwisho. Ncha za vidole zikakaribia sikio, zikagoma. Akanikodolea macho, akagusa nywele zangu nene, na ghafla akajipiga paja. "Mwaka mzima navuta mkono, kumbe kilima kiko kichwani!" Akachukua wembe na sabuni, akaninyoa kipara. Mbele ya mwalimu nilipitisha mkono juu ya kichwa kinachong'aa kwa mafuta ya nazi, ukateleza mpaka sikioni, nikalikamata nisitake kuliachia. Mwalimu akaita jina langu. Nyuma ya michongoma ya shule bibi akapiga kigelegele na kupaza sauti watu wote wasikie: "Kaita! Mwalimu kaita!"

Sasa ninafanya kazi kliniki, Kibiti. Watoto wa leo wana vyeti, masikio yao hayasumbuliwi na mtu. Mimi nawasimamisha kwenye ubao wa kupimia, nasoma kimo na kukijaza kwenye kadi, pale palipoandikwa lile neno la Kiingereza. Kazi ni nyepesi, na mama zao huwa na haraka ya kurudi nyumbani. Ila tangu tulipomzika bibi, kila nikilifikia neno lile mkono wangu husita kidogo, na ninamsikia akiuliza, mchele ukiwa bado kwenye ungo: nani haiti?

Wewe, bibi. Jua linazama, nimejibanza kwenye mpunga, nasubiri uite tena.