Mlango wa Mama Mutheu

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi wa milango katika gereji ya wazi pale Kayole. Nikisema fundi usicheke. Nilikuwa na ovaroli yangu mwenyewe na nilijiona nimefika. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Okumu, aliyejifunza kazi katika karakana ya reli, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa waya. Siku hizi nikipita pale naona ghorofa za kupangisha tu, na moyo huniuma kidogo.

Ijumaa hiyo Baba Mutheu wa Komarock alileta gari lake la kizamani, rangi ya maziwa, taa za mviringo. Alikuwa dereva wa ofisi aliyestaafu, na kila asubuhi alilipangusa kabla hajanywa chai. Shida ilikuwa mlango wa abiria wa mbele. Haukufungika mpaka ubamizwe, na mkewe, Mama Mutheu, alikuwa ametoka kuugua, mkono wa kushoto hauna nguvu. Kila safari ilibidi mtu amfungie.

"Nafungiwa kama mtoto," aliniambia akicheka, lakini niliona hakupenda. "Nataka niufunge mwenyewe tu."

Ugonjwa niliuona mara moja. Pini za bawaba zilikuwa zimelika, mlango umelala, na loki ilikuwa haikutani vizuri na kile chuma cha kwenye nguzo inachopaswa kukishika. Dawa yake ni kuung'oa mlango, kuchongesha pini mpya, kisha kuurudisha na kuupima polepole. Kazi ya siku mbili. Nami saa kumi na moja jioni nilikuwa na miadi na msichana mmoja wa mtaa wa Umoja ambaye, nikuibie siri, baadaye aliolewa na mwingine kabisa. Basi bawaba nikaziacha zilivyo. Nikakishusha kile chuma kidogo, nikakipiga tupa ukingoni, nikapaka grisi. Mlango ukafungika kwa kidole.

Sasa, loki ya gari lile ina meno mawili. Ukifunga mlango lazima usikie tak, halafu tak. La kwanza linashikilia tu, la pili ndilo linalofunga. Mzee Okumu, hata akiwa amelala chini ya gari jingine, alikuwa na swali lake moja.

"Umesikia ngapi?"

Nilikuwa nimesikia moja.

"Mbili, mzee. Iko fiti," nikajibu.

Mama Mutheu alikuwa amesimama kando yangu. Aliufungua na kuufunga mlango mara tatu, nne, uso umemchangamka, akaniombea baraka. Nikaoga haraka nikaenda zangu Umoja.

Jumapili wakienda kanisani, gari lilikata kona ya kulia kuingia Kangundo Road. Mama Mutheu alikuwa ameuegemea mlango. Ukafunguka, naye akaanguka nje. Gari lilikuwa linaenda polepole, Mungu alisaidia, lakini alivunjika bega.

Baba Mutheu hakutafuta fundi mwingine. Jumatatu alilileta gari palepale. Mzee Okumu akachuchumaa, akapitisha kidole palipopigwa tupa, akainuka.

"Mlango tutautengeneza, kijana," akasema. "Lakini nikikuuliza tena umesikia ngapi, nitajuaje?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaung'oa mlango, nikafanya kazi yote niliyopaswa kuifanya Ijumaa.

Mama Mutheu alikuja mwenyewe alipotoka hospitali, mkono umefungwa kifuani. Akausukuma mlango kwa mkono mzima. Tak, tak.

"Ngapi?" akaniuliza.

"Mbili, mama."

"Hata siku ile ulisema mbili."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikaingia garini, nikaufunga mlango, nikakunja mikono na kuuegemea kwa uzito wangu wote, nikamwambia Baba Mutheu aendeshe. Alinizungusha Kayole nzima, kila kona ya kulia akaikata, nami nimeegemea. Tuliporudi Mama Mutheu alikuwa bado amesimama palepale. Akanitazama, akafungua mlango wa nyuma, akaketi huko.

Alikaa nyuma karibu mwaka mzima. Kila mwezi nilikwenda Komarock bila kuitwa, nikaukagua mlango, nikauegemea mbele yake, nikanywa chai nikarudi. Hatukulizungumzia tena. Kisha Jumapili moja nikiwa kando ya barabara niliona gari lile linapita. Mama Mutheu alikuwa mbele, kichwa kwenye kioo cha mlango wangu, amesinzia. Nililia palepale, mwanamume mzima, watu wakinishangaa.

Gari bado lipo. Siku hizi binti yao Mutheu ndiye analiendesha, na akinipitia twende kanisani, mimi huufunga mlango na kusikiliza.

Mwanangu, utafanya kazi nyingi ambazo mwenye kitu hawezi kuzikagua. Atakuuliza tu, na atakuamini. Ukisikia moja, sema moja, hata kama jua linazama na kuna mtu anakungoja Umoja. Na kabla hujamkabidhi mwenzako kitu chochote ulichokitengeneza, kiegemee kwanza wewe.

Mungu akubarikie mikono, akulindie ulimi, na watu wako wasinzie bila hofu kwenye milango uliyoifunga.