Harufu ya Sabuni ya Mombasa

Miaka ile ya uhaba, sie wa Kiwalani tulifulia majani ya mpapai. Unayaponda, unayasugua kwenye nguo, yanatoa povu kidogo na kuacha doa la kijani. Duka la ushirika likipata sabuni, habari zilitangulia gari. Ukifika unakuta foleni ya mawe, kila jiwe limewekwa na mtu aliyerudi kwanza kwenye shughuli zake. Nilikuwa nimeshaanza kazi ya ukarani mjini, kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu. Jiwe langu lilikuwa na alama ya chokaa.

Ndipo alipokuja mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa Mombasa zamani. Mpaka ulikuwa umefungwa. Alipita njia za panya mpaka Tanga, akaingia kwetu na kapu la nguo kuukuu. Chini ya nguo mlikuwa na pakiti za sabuni ya unga, na dawa ya meno na mafuta ya kupikia kidogo, vilivyoisha siku zile zile.

Alimkuta mama yuko uani anaponda majani.

"Dada, mwafulia majani? Na mbuzi wenu mwawapa nini wale?"

"Mbuzi nao wako kwenye foleni," mama akajibu.

Jioni walikaa mkekani wakilinganisha. Mama mdogo alisema kwao waingia dukani wachagua, na muuzaji akubembeleza ununue. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mwanao wa pili yuko kidato cha ngapi sasa?"

Mama mdogo alinyoosha kanga yake. "Walimrudisha nyumbani. Karo. Sasa abeba mizigo sokoni."

Mama mwaka uliotangulia alikuwa amepasuliwa tumbo hospitali ya serikali bila kudaiwa chochote, ingawa shuka tulitoka nalo nyumbani, na sabuni ya kulifulia hatukuwa nayo.

"Njoo ukae kwangu, dada. Sabuni ipo."

"Na nikiugua?"

"Twauza ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

Wakacheka wote wawili. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kucheka kwa muda mrefu.

Kwa watu wa pwani kama sie, mgeni akitoka mbali, majirani hupelekewa kidogo cha alichokuja nacho. Mama aliipima sabuni kwa kikombe, akapeleka nyumba kwa nyumba. Nyumba moja tu aliipita, ile ya mjumbe wa nyumba kumi, aliyekuwa macho ya chama na serikali mtaani kwetu.

"Yule ni serikali," alisema. "Nikimpelekea ni sawa na kujishitaki."

Siku chache baadaye redio ikaanza kutangaza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Ofisini watu walinong'ona habari za waliochukuliwa majumbani mwao kwa sababu ya vitu vya dukani. Njiani kurudi nilikuta mfereji unang'aa, mtu amemwaga mafuta ya kula, na hakuna aliyeinama kuyatazama. Nilipokaribia mtaani kwetu upepo ukaniletea harufu. Kamba zote za nguo zilinukia ua moja, la Mombasa. Nikakaza mwendo kwenda nyumbani.

Siku hiyo hiyo mke wa mjumbe akapiga hodi uani.

"Karibu, Mama Mjumbe," mama akasema.

Hakukaa. Alishika mkono wa blauzi yangu pale kwenye kamba, akaunusa. "Nguo zenu zinanukia siku hizi. Mtaa mzima unanukia, kasoro kwangu."

Akaondoka.

Mama alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Mama mdogo alitaka kilichobaki kimwagwe chooni.

"Na ya kwa majirani nani atamwaga?" mama akauliza. "Wakiulizwa imetoka wapi, watamtaja nani?"

Asubuhi alipanga mihogo mibichi kwenye sinia, akaficha kifurushi cha sabuni katikati, akafunika kawa. Nilimsindikiza. Barazani kwa mjumbe walikaa mgambo wawili, marungu yameegemezwa ukutani.

"Mama, umetuletea nini?" mmoja wao akauliza.

"Mihogo tu, baba."

"Imechemshwa?"

"Mibichi."

"Basi si yetu hiyo."

Mke wa mjumbe akatoka, akapokea sinia, akainua kawa upande wa kifuani kwake tu, akalifunika. Hakushukuru.

"Sinia utaletewa."

Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Kwa hiyo tulirudi nyumbani kungoja sinia litarudi na nini, na nani atalileta. Mama hakula. Kila viatu vilipopita nje alisimama, akavuta kanga kichwani, akakaa tena. Sabuni iliyobaki kwenye pakiti aliichanganya na majivu katika debe la jikoni, na pakiti zenyewe akazichoma. Moshi wake nao ulinukia. Mie nilisimama mlangoni nikiupepea kwa ungo.

Kesho yake mchana alikuja mke wa mjumbe mwenyewe, peke yake. Kwenye sinia mlikuwa na mboga mbichi ya tembele.

"Mgeni wako aondoke alfajiri," alimwambia mama kwa sauti ya chini. "Na siku nyingine usinipite. Mie jirani yako kwanza."

Mama mdogo aliondoka na kapu tupu. Msako ulifika kwetu siku iliyofuata. Mgambo wale wale waligeuza magodoro, wakachungulia mtungi. Mjumbe alisimama mlangoni, shati lake jeupe kuliko nilivyowahi kuliona. Mgambo mmoja akaingia jikoni, akainama karibu na debe la majivu. Akavuta pumzi.

"Mbona hapa pananukia?"

Mama aliushika mkono wangu. Kucha zake ziliingia.

"Ni mie," mjumbe akasema. "Leo nimeoga."

Mgambo akacheka, akajifuta majivu kwenye suruali, wakaenda nyumba ya pili.

Mpaka ulikuja kufunguliwa, na baadaye maduka yakajaa sabuni za kila rangi. Mama alizinunua kama watu wengine. Ila akifika nyumbani alichoma pakiti kwanza, akamwaga unga kwenye debe lile la majivu, na nguo akazianika chumbani, dirisha limefungwa. Tulikwenda kazini na nguo zenye unyevunyevu. Mama mdogo alipokuja tena kututembelea, safari hii kwa basi na mchana kweupe, alimkuta anafua hivyo. Hakumtania. Alijitwisha ndoo, akamsaidia kuanika ndani.