Ndoo ya Mstari wa Mwisho

Kwenye kituo cha utafiti wa kilimo walimwita Mama Chumvi, na wenzake walimtania kwamba kwake mchuzi hauwekwi chumvi, anatumbukiza kidole tu. Kazi yake ilikuwa kumwagilia miche ya pamba iliyopandwa kwenye vyungu ndani ya banda la nailoni. Mstari wa kwanza ulipewa maji ya kawaida, wa pili yenye chumvi kidogo, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho, ambao maji yake yalikaribia ya bahari. Mtaalamu alitaka kujua pamba huvumilia mpaka wapi.

Yeye alishajua. Kisima cha marehemu mumewe kilipoingia chumvi, pamba yao ilidumaa, majani yakaungua kingoni, vitumba vikapasuka vingali vidogo, na nyuzi zake zilikuwa fupi zisizosokoteka. Mume wake alishinda amepiga magoti, akikwangua ukoko mweupe wa udongo kwa kisu cha jikoni. Siku moja aliingia ndani na viatu vyake vya mpira, akalala akielekea ukutani, asiamke tena.

Basi miche ya mstari wa mwisho ilipoanza kuinama, mama wa watu alikisikia kile kisu. Krr, krr, nyuma yake, mchana kweupe. Akigeuka, hakuna mtu. Alitishika, tuseme ukweli. Akaimwaga ndoo ya chumvi mtaroni, akainywesha ile miche maji ya kawaida, na kisu kikanyamaza. Tangu hapo hakuthubutu kurudia chumvi.

Pamba ikashamiri. Mtaalamu hakuamini macho yake. Alitangaza kuwa mbegu isiyojali chumvi imepatikana, akaizalisha, akaigawa kwa wakulima wachache wenye visima vilivyoharibika. Mama alifyata ulimi. Hakujisumbua kuuliza ni wakulima gani.

Adhuhuri moja, akiwa nyumbani anaosha vyombo, alisikia viatu vya mpira vikiburuzwa mlangoni. Kumbe ni mwanawe wa pekee, amevaa viatu vya baba yake. Alisema ameacha kazi ya gereji, amekizibua kisima cha baba yake, na mbegu amepewa. Kesho anapanda shamba zima.

"Hizi hazitatufanyia kama zile za baba," alisema akiketi kizingitini. "Zimezoea chumvi, mama. Umezilea mwenyewe."

Mama alimgeuzia mgongo, akajifanya anasuuza sahani. Angeweza kunyamaza tena, kunyamaza alishakuzoea.

Krr, krr.

Aligeuka, na safari hii mtu alikuwapo. Kijana alikuwa amekiokota kile kisu shambani, na sasa alikuwa akikwangua ukoko mweupe kwenye viatu, ameinama vilevile.

"Mwanangu," alisema, "hiyo chumvi hazijawahi kuizoea. Nilikuwa naimwaga."

Kisu kikanyamaza.