Rejeta ya Darlène

Ubishi wa Papa Polycarpe uone hivyo hivyo! Miaka ishirini na minane alifufua malori na jipi za petroli huko Butembo kabla vita havijamfikisha Brussels, na sasa, katika gereji ya magari ya kale karibu na Flagey, yeye tu ndiye aliyeyajaribu barabarani. Hata patron, mwenye gereji, alikaa kiti cha pembeni.

Gari la mwaka 1923 lilimtoa jasho. Kila akilipandisha mlima wa Chaussée d'Ixelles, kabla ya kufika Porte de Namur maji yalichemka, mvuke ukafoka mbele ya kioo. Mara mbili aliandika kwenye ripoti kwamba rejeta imelehemiwa vibaya. Aliyeilehemu ni Darlène, binti wa Lubumbashi, bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Mara mbili aliifungua akarudia kazi. Patron akasema wazi: ikichemka mara ya tatu, mkataba hakuna.

Ijumaa asubuhi goti la Polycarpe likagoma kukanyaga klachi. Ikabidi Darlène aendeshe, mzee akae pembeni amenuna. Walipoanza kupanda, mkono wa mzee ukaenda wenyewe kwenye kijiti cha usukani, kile cha kuwahisha au kuchelewesha cheche, ili akirudishe nyuma.

"Acha, papa. Moteur haigongi. Unachelewesha cheche ya nini?"

Akaacha, kwa hasira. Wakafika juu. Polycarpe akashuka akichechemea, akapapasa rejeta: juu moto, chini vuguvugu, maji yanazunguka vizuri. Tone la mvuke hakuna.

Hapo ndipo akaelewa. Butembo petroli iliuzwa kwenye chupa kando ya barabara, imechanganywa na mafuta ya taa. Usipochelewesha cheche, injini iligonga mpaka ikafa. Mkono ulikuwa umezoea. Lakini petroli ya hapa ni safi, na cheche ikichelewa bure, moto unaishia kuchemsha maji.

"Donc, turudi chini, tupande tena," alisema. Safari hii alikirudisha kijiti makusudi. Hawajafika nusu ya mlima, mvuke huo!

Waliingia gereji gari likitoa mvuke kama sufuria ya fufu. Patron hata hakumtazama Darlène. "Rejeta tena?" alimuuliza mzee.

 Polycarpe angesema ndiyo, nani angebisha?

"Rejeta ni nzima," alisema. "Toka mwanzo ilikuwa nzima. Ninayelichemsha ni mimi, na hiki kijiti. Ripoti zote mbili zichane. Na kuanzia leo, atakayejaribu magari ni huyu."

Patron akaenda kutafuta karatasi za mkataba. Darlène alibaki akijipangusa mikono.

"Mara zote mbili nililia kwenye choo, papa. Ulijua?"

"Nilikusikia," alisema Polycarpe.