Taa ya Chumba Kisicho na Dirisha

Mwanafunzi wa uzamivu wa chumba kinachotazamana na changu anaandika tasnifu kuhusu namna ofisi zinavyoweza kubana matumizi ya umeme. Ni yeye aliyeushawishi uongozi wa chuo ufunge taa zinazojizima zenyewe zisipoona mtu akitikisika, na chumba chake, kisicho na dirisha, kikawa cha kwanza. Wenzake walishahitimu wakaondoka, ila viti vyao bado anavifuta vumbi. Husoma akiwa ametulia tuli, kalamu mdomoni, mpaka taa inaamini chumba ni kitupu. Giza likiingia hanung'uniki. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Hunyanyua mkono, akaupunga mara moja, kisha akaendelea kusoma. Mwanzoni nilidhani ananisalimu, nami nikawa nampungia.

Jana mchana mama yake alipiga simu, na mlango ulikuwa wazi. "Shikamoo, mama," alisema, kwa sauti changamfu ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Upweke wa wapi, mama? Tumejaa humu, kelele tu." Kisha akamsikiliza muda mrefu, bila kujitingisha hata kidogo, na taa ikazimika.

"Nipo, mama," akasema gizani, akinyanyua mkono.