Mama Kiganja Hakusema Hivyo

Ndugu wasomaji, msinitafutie utetezi. Kosa ni langu. Nililitenda nikiwa na akili timamu na, kwa aibu zaidi, nikiwa na shahada moja na robo tatu ya nyingine.

Nilipotosha tafsiri ya tamthilia. Tafadhali msicheke bado!

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nilirudi nyumbani Bariadi ili niandike tasnifu kwa utulivu. Utulivu niliupata, tasnifu sikuiandika. Kila alasiri nilikuwa nikitazama tamthilia ya mashujaa wenye nguvu zisizo za kibinadamu, ambayo nimeifuata tangu msimu wake wa kwanza. Nimebishana mitandaoni na watu nisiowafahamu kuhusu uamuzi wa mwanamke asiyekuwepo duniani. Nimemtetea kwa aya ndefu zenye utangulizi na hitimisho! Msimamizi wangu hajawahi kuonja aya za namna ile.

Mama alijiunga nami kwa bahati tu. Alikuwa ameketi barazani akitoa takataka kwenye pamba, akaniuliza yule anayesimamisha gari kwa mkono ni nani. Nikamweleza. Kesho yake aliisogeza pamba na kigoda chake hadi mbele ya kompyuta. Kwa kuwa mazungumzo yote ni ya Kiingereza, na mama Kiingereza hakijui, nikawa mkalimani wake: kwa Kiswahili katika hali ya kawaida, kwa Kisukuma pale watu walipopigana.

Shujaa mkuu mama alimpa jina lake mwenyewe, Mama Kiganja, kwa sababu kiganja chake husimamisha chochote kinachokwenda: risasi, treni, hata mafuriko.

"Huyu angekuwa huku," mama alisema, "tungemweka shambani awazuie tembo."

Mama Kiganja ana mdogo wake wa tumbo moja, asiye na nguvu yoyote. Huyo ndiye aliyewaambia maadui kwamba dada yake akishikwa na homa, kiganja hakifanyi kazi. Maadui wakaja siku ya homa. Mama aliposikia hivyo, alisonya.

"Mdogo mtu! Ndio walewale."

Nilijua anamsema nani. Mama anaye mdogo wake, mama yangu mdogo, anayeuza dagaa Lamadi. Baba alipougua, mama aliuza kwa siri maksai wa ukoo ili ampeleke hospitali. Aliyeijua siri hiyo alikuwa mama mdogo peke yake, naye akawaambia ndugu za baba. Mama akaitwa kwenye kikao, akasimamishwa mbele ya wanaume kama mwizi, mumewe angali kitandani. Baba hakupona. Mama mdogo alipokuja msibani, mama alimpa mgongo, na tangu hapo hawakuwahi kusalimiana.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Katika msimu wa tatu, yule mdogo mtu amefungwa gerezani, na Mama Kiganja anakwenda kumwona. Niliingoja sehemu hiyo kama watu wanavyongoja mvua! Ilikuwa dhahiri, kwa yeyote aliyefuatilia ujenzi wa mhusika kwa makini, kwamba angesamehe. Kila dalili ilielekea huko. Nilikuwa nimewahakikishia hivyo watu wengi mitandaoni, baadhi yao kwa dharau.

Mama Kiganja alisimama kwenye nondo, akasema polepole: kuanzia leo mimi sina mdogo, na ukifa wasinipigie simu. Akageuka, akaondoka. Mdogo mtu akabaki analia.

Jamani! Wale waandishi walikuwa wamemuua mhusika wangu akiwa bado anatembea!

"Amesemaje?" mama akauliza. Mkono wake ulikuwa umesimama ndani ya pamba.

"Amesema, 'Nimekusamehe. Nakwenda kukutafutia njia ya kutoka humu.'"

Nataka nieleweke kwa usahihi. Sikusema hivyo kwa ajili ya mama, wala mama mdogo hakunijia akilini hata kidogo. Nilisema kwa hasira dhidi ya waandishi wa tamthilia. Hata lile lililoonekana kuwa jema lilitokana na ushabiki!

Mama aliitazama skrini. "Na huyu sasa analia kwa furaha."

"Ndiyo, mama."

Asubuhi yake alinikuta nikipiga mswaki. "Namba ya mama yako mdogo unayo?"

Mama mdogo alikuja na furushi la dagaa na sangara wa kukaanga. Alisimama nje ya uzio kama mgeni anayeogopa mbwa, ingawa mbwa hatuna.

"Mwadila, dada," akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Umenenepa."

"Dagaa hao, dada. Ninaokosa kuwauza ninawala."

Wakacheka, kisha wakalia, kisha mama akamnyang'anya furushi akaingia nalo ndani. Mama mdogo akawa wa kwetu tena. Akaja mara ya pili, akaja ya tatu na nguo za kubadilisha. Na mnadhani walipokaa pamoja walitaka kufanya nini? Kutazama tamthilia!

Hapo ndipo nilipoyaonja matunda ya elimu yangu. Mama Kiganja hakurudi gerezani tena, wala hakumtaja mdogo wake. Mimi nililazimika kumtajia. Akizungumzia bomu, nilitafsiri kwamba anamkumbuka mdogo wake. Sehemu ambamo alichoma picha yao ya utotoni niliiruka yote, nikisingizia faili bovu.

"Mbona huyu Mama Kiganja anachelewa kumtoa mwenzake?" mama mdogo akauliza.

"Kuna rufaa, mama mdogo."

"Hata kwa hao kuna rufaa?"

"Huko ndiko zilikotoka."

Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa nawaandikia. Lakini wakati huohuo nilikuwa, hatimaye, nimeanza sura ya mbinu za utafiti. Nikaandika kwamba hitimisho lililojengwa juu ya taarifa potofu halina thamani, hata likiwa zuri kiasi gani. Nikaisoma sentensi ile. Ikanitazama! Nikajiuliza: je, na upatanisho? Kwa siku kadhaa sikula vizuri. Nilijenga hoja, nikaipinga, nikaipinga pingamizi yake. Hatimaye nikaamua kwamba ukweli ni lazima uwekwe mezani, kwa pande zote mbili, kwa wakati mmoja.

Nikauweka mezani kweli, pamoja na ugali.

"Kuna suala la kimaadili," nikaanza, "ambalo ningependa kuliweka bayana."

Mama akaacha kutafuna. "Una mimba?"

"Hapana, mama! Ni kuhusu Mama Kiganja."

Wote wawili wakashusha pumzi. Mama mdogo hata akacheka. Nikawaeleza yote: maneno halisi ya gerezani, yale niliyoyatunga, rufaa, picha iliyochomwa. Kufikia hapo walikuwa wakiniona kichekesho tu. "Msomi wetu!" mama mdogo alisema. "Kumbe unatupikia na sinema!"

Ningeishia hapo, jamani, ningeishia hapo! Lakini maelezo yangu hayakuwa yamekamilika, na mimi jambo lisilokamilika huniwasha. Nikaongeza kwamba, kwa kuwa mama aliomba namba ya simu asubuhi iliyofuata sehemu ile, uhusiano wa kisababishi kati ya tafsiri yangu na upatanisho wao haukuweza kupuuzwa.

Hivyo ndivyo nilivyosema. Mezani. Kwa watu wanaokula dagaa.

Mama mdogo alimgeukia dada yake. "Ulinipigia kwa sababu ya sinema?"

Mama akasogeza bakuli la dagaa upande wa mdogo wake.

"Mimi nilidhani umenikumbuka." Alinawa mikono ingawa tonge lake lilikuwa bado kwenye sahani. "Kumbe aliyesamehewa ni yule wa kwenye kompyuta. Mimi nimepitia mlango wake tu."

Alikunja kanga zake, akaaga kwa adabu ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi, akaenda kutafuta gari la Lamadi.

Nilingoja mama anifokee. Angenifokea ningepona. Alikusanya vyombo kwanza.

"Yale ulikuwa unamwambia nani?"

"Nilitaka ukweli ujulikane, mama."

"Na nani? Ukweli wangu mimi nilikuwa naujua. Tangu aliposimama pale nje na furushi, sinema nilishaisahau."

Niliingia chumbani nikajifungia. Nilikuwa nimechukua lililokuwa moyoni mwa mama, ambalo hakuniambia hata mimi, nikampelekea mtu ambaye lingemuumiza kuliko wote. Na nilifanya hivyo kwa sarufi nzuri! Mama mdogo, alipoitoa ile siri ya maksai, angalau hakuwa na bibliografia.

Jumamosi mama alivaa viatu vya kanisani, akamkamata kuku, akaenda Lamadi peke yake. Aliporudi nilimngoja avue viatu.

"Mmepatana?"

"Ameniuliza, bila ile sinema ungenipigia? Nikamwambia sijui."

"Mama! Ungesema ndiyo!"

Alivisukuma viatu chini ya kigoda. "Bado hujaacha tu?"

Nikainamisha kichwa. "Naye akasemaje?"

"Akasema, afadhali hilo halijatafsiriwa. Akanimiminia chai."

Hapo ndipo walipofikia. Hawajawa kama zamani, lakini wanapigiana simu. Mama amewahi hata kulala huko, lakini yeye mama mdogo kwetu hajakanyaga tena. Mafurushi ya dagaa yamekoma. Mama anachambua pamba barazani, kompyuta yangu imefungwa, na akitaka kujua habari za Mama Kiganja humuuliza mtoto wa jirani, ambaye Kiingereza chake ni kibovu lakini hana maoni. Nikipokea simu mimi, na kusalimia kwa heshima zote, mama mdogo ana maneno mawili tu.

"Dada yupo?"

Basi nanyi mnaowatafsiria wazazi wenu, ninawasihi: semeni kilichosemwa. Kikiwaudhi, kasirikeni kwa majina yenu wenyewe, msimtumie shujaa. Na ikiwa mmekwisha kudanganya, na dhamiri inawalemea mnataka kuutua mzigo, simameni kwanza mtazame chini. Mzigo ule ukitoka kichwani mwako hauangukii ardhini. Kuna mtu ameketi pale, anakula.