Filamu Niliyomwekea Mama

Napenda filamu za kutisha, na sioni haya. Majini na mapanga hayanishtui. Ninazotaka ni zile ambazo nyumba nzima imefiwa na hakuna anayethubutu kumtaja marehemu. Mama yangu, Mhaya asiyekosa misa, husema ni wazimu kununua woga wakati duniani umejaa tele.

Nina sababu zangu. Nilipokuwa na miaka tisa tulikaa Busisi, mama akiuza chakula kwa abiria wa kivuko. Siku moja aliniachia mdogo wangu wa miaka minne ziwani, nikisugua vyombo. Sufuria moja ikaelea ikaenda zake, nami nikaifuata. Niliporudi mtoto hakuwepo. Baada ya kumzika, picha zake ziliingia sandukuni na jina lake halikutajwa tena. Mama hakunigombeza hata mara moja. Heri angenichapa. Nimekua mtu mzima na swali lilelile kooni: ananilaumu?

Mwaka jana alikuja kwangu Mkolani kwa ajili ya kliniki ya presha. Jumapili mchana, tumeshiba ndizi, nikamwekea filamu. Nilifanya makusudi, nisijitie umalaika. Nilichagua iliyotafsiriwa na DJ, wale wanaosema Kiswahili juu ya sauti za wazungu huku wakitia utani wao, nikidhani vichekesho vitapunguza makali. Na kweli, DJ alivyomsema baba mmoja wa kizungu na suruali yake ya kubana, mama alicheka mpaka akafuta macho.

Ilikuwa habari ya mwanamke aliyefiwa na mtoto, na kila mlo bado anampangia sahani. Siku moja binti aliyebaki akaiondoa ile sahani mezani. Mama yake akamshika mkono. Hapo DJ, mtu wa kuropoka hata makaburini, akanyamaza. Kisha akatafsiri taratibu, bila utani: mama anamuuliza binti alikuwa wapi siku ile.

Mama akaacha kutafuna karanga. Nikatamani kuzima. Yeye akaichukua rimoti, akazima mwenyewe. Tukabaki tunatazama kioo cheusi, sisi wawili tukionekana ndani yake.

Nilimuuliza kwa sauti ya kigomvi, maana sikuwa na nyingine. "Mama, unanilaumu?"

Nilijua atasema ni mapenzi ya Mungu, na naapa angesema hivyo ningetoka nikamwacha na karanga zake.

"Nilikulaumu," akasema. "Nilikulaumu sana, mwanangu, mpaka nikachoka. Sasa sikulaumu. Lakini kila ukiingia mlangoni, hadi leo, natazama nyuma yako kama umekuja naye."

Jicho lile nalijua. Nimeliona kila nilipomwamkia shikamoo, miaka yote, likinipita begani. Nilidhani hataki kunitazama.